Honi ya Treni Ikishapita Kigwa

Mwezi uliopita nilikwenda kusikiliza mhadhara wa fizikia mjini Tabora, katika ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja. Mhadhiri alikuwa kijana nadhifu, mwenye elimu kubwa kuliko yangu, na yote aliyoyasema yalikuwa sahihi. Nilimfuata kwa sababu mambo hayo nimejisomea peke yangu kwa miaka mingi, kitabu baada ya kitabu. Waliokaa karibu nami hawakumfuata. Mama mmoja alisinzia mpaka mtandio ukamwangukia usoni. Mwishoni kijana aliuliza kama kuna maswali, mkono haukuinuka hata mmoja, naye akatushukuru kwa kuelewa.

Nilirudi nyumbani kwa uchochoro ulio nyuma ya maduka ya zamani, na hapo nikakutana na harufu ya nta inayoyeyushwa. Ninyi mliokulia upande huu mnaijua: tamu, nzito, na ndani yake kuna moshi na magome ya mzinga. Uso ukaniwaka, kama mtu aliyekutwa anasema peke yake njiani. Kwa umri huu nilionao harufu ya nta bado inanitia aibu, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kwa nini mwalimu niliyemsikia utotoni, aliyeniachia aibu hiyo, ndiye ninayempima naye kila mhadhiri ninayekwenda kumsikiliza.

Tulikaa Kigwa, kijiji cha reli, mashariki ya Tabora. Nyumba yetu ilikuwa karibu na njia ya treni, na treni ya mizigo ikipita vikombe viligongana kabatini. Mama alikuwa akikamua asali na kuyeyusha nta uani. Baba hakuwepo. Alikuwa amepanda treni ya kwenda upande wa Dodoma kutafuta kazi, na mimi na mama tulimsindikiza stesheni, mama amevaa kitenge chake cha sikukuu. Treni ilipokuja ilipiga honi ya juu iliyonifanya nizibe masikio. Ilipoondoka, ikafika kwenye kivuko cha ng'ombe, ikapiga tena, na safari hii sauti ilikuwa ya chini zaidi. Si ndogo tu. Ya chini, kama mtu mwingine ndiye anayeita.

"Mama, mbona sauti yake imebadilika?"

Mama alikuwa bado anayatazama mabehewa. "Inasikitika kumchukua," alisema.

Nilikuwa darasa la tatu. Nililipokea jibu hilo kama nilivyokuwa nikipokea majina ya miti. Tangu hapo kila treni niliisikiliza, na kila treni ilinithibitishia. Treni za mizigo zisizosimama Kigwa ndizo zilizoonyesha wazi zaidi: zilikuja zikilia juu, na zikifika mkabala na jiko letu sauti ilishuka ghafla na kuondoka hivyo hivyo. Nilihesabu kwamba kila mara kuna mtoto mahali fulani amechukuliwa baba yake. Niliwahurumia. Wangu angerudi, kwa sababu treni yenyewe ilikuwa imesikitika.

Ndipo alipokuja Mwalimu Seif.

Alitoka katika ukoo wa Waarabu wa Tabora mjini, waliofanya biashara huko tangu enzi za misafara. Kaka yake alikuwa akija Kigwa na lori kununua asali na nta. Yeye mwenyewe alifundisha fizikia chuoni, na likizo ilipofika alipanda lori pamoja na kaka yake, sidhani kama kwa sababu nyingine zaidi ya kuchoka kukaa dukani. Mzani ulitundikwa kwenye uwanja ulio kando ya njia ya zamani ya misafara, ambayo wakati huo ilikuwa imebaki njia ya baiskeli na mbuzi. Watu walipanga ndoo na madebe yao, wakasubiri zamu. Mwalimu Seif aligeuza debe tupu, akalikalia, akaanza kuzungumza na waliokuwa wakisubiri.

"Mwangaluka!" alisalimu, na ilikuwa alasiri.

"Jua limeshageuka, Mwalimu!" wanawake wakapiga kelele. "Hiyo ya asubuhi. Sema mwadila!"

"Mwadila. Ahsanteni. Mimi mgumu wa kushika."

Juma lililofuata alikosea tena vilevile, wakamsahihisha tena vilevile, wakacheka. Ilinichukua miaka mingi kujiuliza mtu aliyezaliwa Tabora, akalelewa na majirani Wanyamwezi, angewezaje kutojua salamu ya alasiri. Sina uhakika, lakini nadhani alijua. Nadhani alitaka kila kikao kianze na yeye akiwa ndiye mwanafunzi.

Hakupokewa kwa mikono miwili na wote. Maganga, fundi baiskeli, kijana mwenye ulimi, alimwambia siku ya kwanza mbele ya watu: "Mwarabu, umerudi na msafara? Unatafuta wapagazi?"

Babu zetu wengi walibeba mizigo ya watu wa ukoo wake katika njia ileile tuliyokuwa tumesimama kando yake. Mwalimu Seif hakucheka na hakukasirika.

"Nimerudi," alisema. "Safari hii mzigo naubeba mwenyewe." Akanyanyua mfuko wake wa turubai, mchafu, wenye mkanda uliokatika, akauonyesha. Maganga mwenyewe ndiye aliyeushona mkanda huo jioni ile.

Siku hiyo alizungumzia kwa nini maji ya mtungi ni baridi na ya ndoo si baridi. Hakutuambia. Alituuliza. Kila aliyejibu alimrudishia jibu lake mwenyewe likiwa limenyooshwa kidogo, akamuuliza mwingine kama anakubali. Alituamuru tulowanishe mkono na kuupuliza. Watu wazima walisimama uwanjani wakipuliza mikono yao kama wamechomwa na supu. Wengine walipitwa na zamu zao mzanini wasijali. Mama, ambaye sikuwahi kumwona akipoteza nafasi yake kwenye foleni yoyote, alipitwa pia.

Siku ya honi ilikuwa ya tatu.

"Treni inakuja, inapita, inaondoka," alisema. "Honi yake inabadilika, haibadiliki?"

"Inabadilika!"

"Inabadilikaje? Nionyesheni."

Wakamwonyesha. Wanaume wenye nta mabegani, wanawake wenye ndoo, wote wakaiga honi kwa midomo, juu kisha chini, mpaka mbuzi waliokuwa njiani wakakimbia. Yeye alisikiliza kama anayepokea ripoti.

"Sasa kwa nini?"

"Dereva anachoka," alisema Maganga.

"Inakwenda mbali, kwa hiyo inapungua," alisema Mama Shija, mchuuzi aliyekuwa akisafiri kila mara na treni kupeleka karanga mjini.

"Mama Shija, mimi nikisogea mbali nawe sauti yangu itakuwa ndogo. Hiyo kweli. Lakini je, itakuwa nzito kama ya mume wako?"

Wakacheka. Mama Shija akasema, "Huyo wangu hata akiwa karibu haisikiki," wakacheka zaidi.

Hapo nikainua mkono. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo kwa muda mrefu, na sijawahi tena katika maisha yangu kuwa na uhakika wa kitu chochote kiasi kile.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Inasikitika. Kwa sababu inamchukua baba wa mtu."

Kicheko kilianza pembeni, kidogo, cha pumzi. Mwalimu Seif akainua kiganja.

"Ngojeni. Huyu amesikia vizuri kutuzidi. Hakusema sauti imekuwa ndogo, amesema imesikitika. Mtu akisikitika sauti yake huwaje? Hushuka. Basi wazo lake tulijaribu. Hatulitupi kabla ya kulijaribu."

Alitoa mfukoni kengele ya mlango, ile ya umeme, pamoja na betri zake, vyote vimefungwa ndani ya soksi, na soksi imefungwa kwenye kamba. Akaiwasha, ikalia. Akasimama katikati na kuanza kuizungusha juu ya kichwa chake. Sote tuliokuwa tumemzunguka tukasikia sauti ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka, na kengele ni ileile.

"Ikikujia, mawimbi ya sauti yanabanana, kama watu wanaosukumana mlangoni. Ikikuacha, yanaachiana nafasi. Yakibanana unasikia juu. Yakiachana unasikia chini. Kengele haijui habari hiyo. Inategemea wewe umesimama wapi."

Nilimwelewa. Nasema kweli, nilimwelewa pale pale, na leo nikisoma jambo hilo katika vitabu vyenye kanuni na michoro sikuti kitu alichokiacha. Nilikuwa bado naitafuta huzuni iko wapi katika kubanana na kuachana, Maganga alipopaza sauti.

"Mwalimu! Sisi tulioachwa tunaisikia chini. Sasa kule Itigi wanaisikiaje?"

Uso wa Mwalimu Seif ukang'aa. Mwalimu anayeuliza maswali siku nzima hufurahi vile anapoulizwa moja lililo barabara.

"Swali zuri kabisa! Itigi, ambako treni inakwenda, wanaisikia juu. Kali! Kwao ni kama vigelegele."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Wengine waliinama, wengine walishikana mabega. "Vigelegele!" Maganga alirudia, anajifuta macho, akamgeukia mama yangu. "Mama Nyamizi, umesikia? Kwao ni vigelegele!"

Na mimi nilicheka. Hili ndilo linalonirudia pamoja na harufu ya nta. Nilidhani wanashangilia jibu langu, kwamba mimi na Mwalimu tumewafurahisha watu. Nilicheka nikigeuka kumtafuta mama ili acheke pamoja nami. Mama alikuwa ameinamia ndoo yake ya nta na anafuta ukingo wake kwa pembe ya kanga. Ukingo ulikuwa safi. Aliendelea kuufuta.

Mwalimu Seif aliacha kuzungusha kamba. Alitazama watu, akamtazama mama, akanitazama mimi. Kengele iliendelea kulia ndani ya soksi, chini, miguuni pake, na alichelewa sana kuizima.

Nyumbani nilimuuliza mama, "Itigi kuna nini?"

"Kuna stesheni," alisema. "Lete kuni."

Walionieleza ni wasichana wa kisimani. Hawakunieleza kwa maneno kwanza. Kila nilipokaribia walipiga mluzi wa juu, na nilipoondoka na ndoo kichwani walipiga wa chini. Nilitembea polepole ili maji yasimwagike na mluzi ukanifuata njia nzima. Siku ya pili au ya tatu mmoja alinionea huruma, au alichoka. "Baba yako ana mji Itigi," alisema. "Ana mke na mtoto anatambaa. Kijiji kizima kinajua. Mama yako anajua."

Ninyi wa rika langu mnajua kwamba wakati ule mume kuwa na mji mwingine halikuwa jambo la kushangaza. Kilichonichoma hakikuwa hicho. Kilichonichoma ni kwamba nilisimama mbele ya watu, nikaamkia kwa adabu, nikayasema kwa sauti ya darasani yale ambayo mama alikuwa akiyafunika kila siku kwa kunyamaza. Nilimleta baba uwanjani. Nilifikiri pia, kwa akili ya mtoto, kwamba treni ilinidanganya, na nikaanza kuziba masikio ilipopita, hata ile ya mizigo isiyochukua baba wa mtu yeyote.

Lori liliporudi nilijificha nyuma ya banda la kuku. Kutoka huko nilimwona Mwalimu Seif akija kwetu peke yake, bila mfuko. Alisimama kwenye uwazi wa ua na kupiga hodi. Mama alikuwa akichuja asali, mikono imenata mpaka viwiko, akamwambia apite.

"Mama Nyamizi, nimekuja kukuomba radhi. Nilikosea."

"Ulikosea nini? Honi si hivyo ilivyo?"

"Ndivyo ilivyo."

"Basi hukukosea."

"Sikujua nazungumzia nyumba ya nani."

"Hukujua. Wao walijua." Mama alikamua kitambaa. "Leo utawaambia nini?"

"Nimeleta kioo na chombo cha maji. Nitazungumza habari za mwanga. Ile ya honi nimeiacha."

"Unaiachaje? Somo halijaisha."

"Mama, sitaki tena—"

"Mwalimu." Alisema neno hilo taratibu, kama anayemzuia mtoto asiguse sufuria ya moto. "Uliwaambia tulio nyuma tunasikiaje. Ukawaambia walio mbele wanasikiaje. Umebakiza mtu. Nina swali langu, na nitaliulizia palepale waliponicheka. Nenda, nakuja."

Nilipomwona ananawa mikono na kufunga kitenge cha sikukuu, nilitoka nyuma ya banda. Niliamini anakwenda kupigana na Maganga, au kulia, na sikujua lipi ni baya zaidi. Nilimwambia naumwa tumbo. "Litapona huko," alisema, akajitwisha ndoo ya nta, nami nikamfuata nyuma, mbali, kama mtu asiyemfahamu. Uwanjani nilijipenyeza nyuma ya migongo ya wanawake nikakaa chini ili nisionekane.

Mwalimu alisalimu "Mwangaluka." Walimsahihisha, lakini safari hii bila kicheko kikubwa, kwa sababu walikuwa wamemwona mama. Alikuwa amesimama mbele kabisa, ndoo iko miguuni.

"Kabla sijaanza la leo," alisema Mwalimu Seif, "Mama Nyamizi ana swali juu ya lile la juma lililopita."

Maganga alikuwa na mnyororo wa baiskeli mkononi. "Haya, treni imerudi," alisema, lakini kwa sauti ya chini, na aliyekuwa karibu naye alimsukuma kwa kiwiko.

Mama hakumtazama. "Mwalimu, ulisema inategemea mtu amesimama wapi. Aliyesimama Kigwa umemsema. Aliyesimama Itigi umemsema. Yule aliyepanda, aliye ndani ya behewa, yeye anasikia nini?"

Nimewasikia wahadhiri wengi tangu wakati huo, ukumbini, redioni na katika simu. Wapo wenye mifano mizuri kuliko yake, na wenye vyombo ambavyo yeye asingeviota. Mahali kama pale, karibu wote wangejibu. Wangekuwa na jibu, ni jibu rahisi, na kulitoa kungewapa nafasi ya kulimaliza jambo lililowatia aibu. Yeye aliwageukia watu.

"Hilo nisijibu mimi. Hapa nani amesafiri sana kwa treni?"

Wote wakamtazama Mama Shija. Mama Shija alikuwa miongoni mwa waliocheka sana. Alishusha kikapu chake cha karanga, akafumba macho, na niliona kwamba anasikiliza.

"Ndani haibadiliki," alisema mwishowe. "Ileile. Toka unapanda mpaka unashuka, ni honi ileile tu. Mimi sikuwahi hata kuiwazia."

"Ndivyo," alisema Mwalimu Seif. "Aliye ndani anakwenda pamoja na honi yake. Kwake hakuna kilichopanda wala kilichoshuka."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, kama alivyofanya akikubali kipimo.

"Basi aliye ndani hana habari," alisema. "Hana habari ya Kigwa, hana habari ya Itigi."

Hakuna aliyecheka. Nyuma yangu mwanamke mmoja aliguna, "Eeh," kama anayeguswa kidonda. Niliona miguu ya watu ikibadilisha uzito, na Maganga akiukagua mnyororo wake pete kwa pete, ingawa haukuwa na tatizo. Nilidhani mama ataongeza neno. Alikuwa na nafasi ya kuongeza, na uwanja wote ulikuwa wake. Aligeukia mzani.

"Zamu ya nani?"

"Yako, Mama Nyamizi," alijibu kaka wa Mwalimu, ingawa watu kadhaa walikuwa mbele yake.

"Nyamizi," mama aliita, bila kunitafuta kwa macho. "Toka huko nyuma uje unishikie upande huu."

Nilitaka ardhi inifunike. Nilisimama. Wanawake walisogea kunipisha, na kwa kuwa walisogea ilibidi nipite katikati yao nikiwa naonekana na kila mtu, uso unaniwaka, vumbi la pale nilipokaa bado liko kwenye gauni. Nilifika. Nta ilikuwa imeganda na ndoo ilikuwa nzito kuliko nilivyotegemea. Nilishika ukingo wa upande wangu, yeye akashika wake, tukainyanyua.